Uzi maalumu wa bia nyepesi: kwa jua hili la Dodoma, blondi eli inatufaa

Kivuli cha Mbuyu

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wanaokunywa na waliofikisha umri wa kunywa. Wasiokunywa mnakaribishwa kusoma, ila mahubiri yana jukwaa lake, huku tuachieni.

Hoja yangu ni moja. Sisi wa Dodoma tunakunywa bia zisizoendana na jua letu. Pita Area C, pita Nkuhungu, Chang'ombe, Nzuguni, mambo ni yale yale. Oktoba, saa nane mchana, mabati yanalia kwa joto, na mtu kaagiza bia ya asilimia 5.5 au staut kabisa, ile bia nyeusi. Ya tatu ikifika mezani macho yashakuwa mekundu na hadithi moja inasimuliwa mara ya pili. Kesho yake anasema jua la Dodoma ni kali. Jua tumelikuta, anayetakiwa kubadilika ni mnywaji.

Waliohamia huku na Serikali wakitokea Dar watanielewa haraka. Dar ukitembea kidogo tu shati limelowa, kwa hiyo unajua maji yanakutoka. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu na upepo haupumziki, jasho linakauka kabla hujaliona. Unafika glosari mwili umeshakauka na wewe hujui. Halafu unaongeza kilevi, ambacho nacho kinakupeleka msalani kila baada ya muda. Asubuhi ni kutafuta supu na kulaani watu.

Hesabu ndogo. Nusu lita ya Safari, asilimia 5.5, ina mililita 27.5 za kilevi chenyewe. Nusu lita ya Castle Lite au Serengeti Lite, asilimia 4, ina mililita 20. Maana yake Safari tatu zinazidi laiti nne. Kilimanjaro iko katikati na 4.5 yake. Anayetaka kukaa mezani kuanzia mchana mpaka mechi ya Dodoma Jiji pale Jamhuri iishe na bado aongee kwa heshima na mama mkwe kwenye simu, achague mapema.

Lakini sikuja kuipigia debe laiti. Laiti imepunguzwa kilevi, sawa, ila na mwili wake umepunguzwa. Wapishi wake hutumia vimeng'enya vinavyokatakata wanga wote uliobaki, chachu inaula wote, bia inabaki nyembamba. Ikiwa ya baridi sana inapita kooni bila kuacha habari. Bia ninayotaka tuizungumzie ni ile ambayo ni nyepesi na bado ina ladha, nayo ni blondi eli.

Kwa ambaye hajakutana nayo: rangi ni ya majani makavu mpaka dhahabu, inang'aa, povu jeupe. Kilevi kati ya asilimia 3.8 na 5.5. Uchungu ni mdogo, kipimo chake cha uchungu kinacheza kati ya 15 na 28, wakati bia kali za hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zinapita 50 bila aibu. Unapata utamu kidogo wa kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) unaokumbusha mkate uliotoka tanuruni, na harufu ya matunda kwa mbali inayotoka kwenye chachu. Viwanda vidogo vya Marekani viliipenda kwa sababu mteja aliyezoea laga aliweza kuionja bila kukimbia.

Ina ndugu zake. Waingereza wana eli ya dhahabu, Exmoor Gold ya mwaka 1986 ikiwa miongoni mwa zilizofungua njia, walipoona vijana wanakimbilia laga na kuziacha eli za kahawia za wazee. Wajerumani wa Köln wana Kölsch, na hiyo jina lake linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 1997, huwezi kuipika Kibaigwa ukaiuza Ulaya kwa jina la Kölsch. Wabelgiji wana bia nyeupe ya ngano yenye mbegu za giligilani na maganda ya machungwa. Ile ya kijiji cha Hoegaarden ilishakufa kabisa, akaja Pierre Celis, aliyekuwa akiuza maziwa, akaifufua miaka ya 1960. Hiyo ikikupata mwezi wa Novemba kabla mvua haijaanza utamshukuru muuza maziwa.

Tahadhari: blondi ya Kibelgiji ni mtu mwingine. Rangi ile ile, sura ya upole, lakini Leffe Blonde ina asilimia 6.6. Usiinywe kwa mwendo wa laiti.

Sasa kuhusu kunywa kwenyewe, maana hapa ndipo tunapoharibu zaidi. Tunataka bia iwe imekaribia kuganda. Ukifanya hivyo ulimi unakufa ganzi, huonji chochote, na hapo kweli bia zote ni moja. Blondi inataka nyuzi 4 mpaka 7. Ikitoka kwenye friza, iache dakika chache, kwa joto letu haichelewi. Na hapo kwenye kuchelewa ndipo watu wa Köln walipotuzidi akili: wanainywa kwenye glasi nyembamba ya mililita 200. Inaisha kabla haijapata joto, mhudumu analeta nyingine bila kuulizwa na kuchora mstari kwenye kile kikadi cha kuwekea glasi, mpaka uweke kikadi juu ya glasi kumaanisha basi. Sisi mstari wetu ni chupa tupu zinazobaki mezani, mfumo mzuri tu, ila chupa ya nusu lita mezani kwenye joto la nyuzi 31 inageuka maji ya kunawa ikifika nusu. Agizeni ndoo ya barafu, chupa ikae humo, mmimine kidogo kidogo.

La mwisho halafu nawaachia. Msikae na chupa ya kijani juani. Mwanga wa jua unavunja vitu vilivyotoka kwenye hopsi, vinaungana na salfa iliyomo ndani ya bia, na harufu inayotoka ni ya kicheche. Chupa ya kahawia inazuia kwa sehemu kubwa, ya kijani kidogo sana, nyeupe haizuii kitu. Meza za nje zinapendeza, lakini kaeni upande wenye kivuli.

Karibuni. Nani ameonja nini, wapi, na alikula na nini?

Mzee wa Kizota

Kijana umeandika vizuri ila umeniacha njiani. Mimi ni Safari, na ni ya moto. Safari ipo tangu 1977, imetukuta na shida zetu za foleni za sukari, imetukuta na furaha zetu. Ya baridi inanipa mafua. Hizo za maganda ya machungwa wape wajukuu.

Bodaboda Mstaarabu

Mzee Safari ya moto saa nane mchana Oktoba hapo sio kinywaji hiyo ni supu 😂😂

Kivuli cha Mbuyu

Mzee wangu shikamoo. Sikubishii kwenye moto, kuna ukweli ndani yake. Bia ikipata joto kidogo ladha zinafunguka, na Waingereza eli zao za asili wananywa kwenye nyuzi 11 mpaka 13. Wewe ukiinywa ya moto Julai hapo Kizota, saa mbili usiku, upepo unakata masikio, unainywa vizuri kuliko wao. Tatizo ni Oktoba. Bia ya nyuzi 30 ukiifungua gesi yote inatoka kwa pamoja, nusu unaimwaga mezani.

Mzee wa Kizota

Marahaba. Ninayomwaga ni ya wahenga.

Nyota ya Kondoa

Mimi nije na malalamiko. Kuna baa moja mjini, siitaji, nikikaa na kaka yangu nikaagiza Kilimanjaro na yeye akaagiza laiti, dada anakuja na sinia, laiti anaiweka mbele yangu, Kili mbele ya kaka. Kila mara. Nani aliwaambia bia nyepesi ni ya kina dada? Na wanaume wanaogopa kuiagiza kwa sababu hiyo hiyo, wanateseka na bia nzito juani ili waonekane wanaume. Kaka yangu yeye ana daktari wake na presha yake, hana muda huo.

Kivuli cha Mbuyu

Dada umegusa penyewe. Na ukirudi nyuma inachekesha: Miller Lite ilipotandazwa Marekani nzima mwaka 1975, matangazo yake yalijaa wanamichezo wastaafu, majitu ya miraba minne, wakibishana kama sifa yake ni kutoshibisha au ladha. Iliuzwa kwa wanaume, na kigezo kilikuwa kwamba haikujazi tumbo, unaweza kuendelea. Sijui njiani ilivalishwa sketi na nani.

Bodaboda Mstaarabu

Mimi naagiza laiti ila naomba wanimiminie kwenye glasi ndani huko huko, nje nafika nayo haina jina 😂

Nyota ya Kondoa

Mwanaume mzima na leseni 😂

Mgeni wa Udom

Wakuu samahani, swali la mwanafunzi (umri ninao). Eli na laga tofauti yake nini hasa? Nimekuwa nikidhani eli ni nyeusi na laga ni nyeupe.

Fundi Chachu

Rangi haihusiki, mdogo wangu. Rangi inatoka kwenye kimea, ni kimekaangwa kiasi gani. Kuna laga nyeusi tii Ujerumani na kuna eli nyeupe kama hiyo ya mleta mada. Tofauti ni chachu na joto. Chachu ya eli inafanya kazi kwenye nyuzi 15 mpaka 24, haraka, na inaacha harufu za matunda. Chachu ya laga inataka baridi, nyuzi 8 mpaka 13, inakwenda taratibu, halafu bia inalazwa kwenye baridi kali wiki kadhaa ndipo inakuwa safi. Karibu zote unazoziona kwenye friji za glosari ni laga. Na rangi ile ya dhahabu unayoijua ilitokea Plzeň, nchi ya Cheki ya leo, mwaka 1842, Josef Groll alipopika pilsna ya kwanza. Kabla ya hapo laga nyingi zilikuwa za kahawia.

Na kwa kuwa nimeshaingia, wacha nimwage. Mimi napika nyumbani, ya kunywa na jamaa, siuzi. Anayetaka kuuza atafute leseni kwanza, huko kuna sheria na kodi zake, msije mkaniita shahidi.

Blondi eli ndiyo bia ya kuanzia kwa mpishi mchanga, na ndiyo inayokuumbua pia. Staut ikiharibika kidogo, weusi na uchungu vinasitiri. Blondi haina pa kujificha. Kwa lita 20 natumia kilo 4.2 za kimea cheupe cha shayiri, naloweka kwenye maji ya nyuzi 66 kwa saa nzima, nachuja, nachemsha saa nyingine na hopsi gramu 28 hivi zenye ukali wa asilimia 6. Napoza haraka, natia chachu kavu ya eli. Ikienda vizuri inafika asilimia 4.5. Kimea na hopsi vyote vya kuagiza, hapo ndipo mfuko unapolia.

Sasa Dodoma ina mambo mawili ya kumsumbua mpishi, na moja la kumsaidia.

La kwanza ni maji. Maji ya visima vya huku yana madini, kila mtu anajua birika lake linavyokuwa na ukoko. Maji ya Plzeň ni laini mno, ndiyo maana pilsna ilikubali kule. Maji yenye chokaa nyingi yanafanya uchungu wa hopsi ukwaruze koo, na kwenye bia nyeupe unausikia mara moja. Ukiyachemsha na kuyaacha yatulie, chokaa inakaa chini, unamimina ya juu. Chumvi yenyewe haitoki kwa kuchemsha, hiyo unaipunguza kwa kuchanganya na maji ya mvua. Mimi nakinga ya Januari na Februari, napitisha kwenye kitambaa na kuyachemsha.

La pili ni joto. Kuanzia Septemba mpaka mvua zishuke, chumba kinafika nyuzi 27 na zaidi, na chachu ikifanya kazi kwenye joto hilo inatoa vilevi vizito vinavyonukia rangi ya kucha. Wapishi wengi husema kichwa cha kesho yake kinatokana na hivyo. Juni na Julai ni raha tupu, usiku unashuka mpaka nyuzi 13 au 14, ndoo inakaa ndani inafanya kazi kwa adabu.

Lakini huo ukavu alioulalamikia mleta mada ndio msaada wetu. Weka ndoo ya bia ndani ya karai lenye maji, ivishe kaniki iliyolowa, ncha za kaniki zizame kwenye maji, weka sehemu yenye upepo na isiyo na jua. Maji yanapanda kwenye kitambaa, yanakauka, yanaondoka na joto. Bibi zetu walipoza maji ya mtungi kwa sayansi hiyo hiyo. Dar haifanyi kazi, hewa yao imeshajaa maji. Hapa inashusha nyuzi kadhaa bila umeme.

Kivuli cha Mbuyu

Fundi, hilo la kaniki ningelilipia. Uzi umelipa.

Mgogo wa Nala

Mbukwenyi wakuu!

Naona mnazunguka Ujerumani na Ubelgiji, hapa nyumbani mnapaita kisima cha chumvi. Ugogo bia nyepesi ya jua ilikuwepo kabla ya friji. Wujimbi wa mtama au uwele, nafaka zinalowekwa, zinaoteshwa zikawa kimea, zinaanikwa, zinasagwa, unapikwa uji, kimea kinaingia, inachachuka siku chache. Kilevi chake kidogo, uchachu wake unakata kiu, na ndani yake kuna chakula. Watu walikunywa wakitoka kulima au kupura kwa pamoja, mwenye shamba anawapikia, kazi inaisha jioni na kila mtu anatembea kwa miguu yake kwenda kwao. Hiyo ndiyo bia ya mchana.

Haing'ai, nakubali. Nzito kwa macho, nyepesi kwa kichwa.

Fundi Chachu

Mjomba umenipiga na ninakubali kupigwa. Hata utaalamu wenu una sababu. Wanga wa mtama haufunguki mpaka joto lipite nyuzi 68, unakwenda mpaka karibu 78. Shayiri inafunguka chini ya hapo. Kwa hiyo ukichanganya unga wa mtama na kimea kwenye nyuzi 66 unabaki na mchanga. Lazima mtama upikwe uji kwanza, upoe, ndipo kimea kiingie. Vyuo vinafundisha, bibi zenu walikuwa wanajua kwa mkono.

Blondi yangu ninayoipenda zaidi naitoa robo ya shayiri naweka mtama mweupe wa sokoni Majengo, uji kwanza. Inatoka kavu kuliko ya shayiri tupu, nyepesi zaidi, na rangi inapauka vizuri. Povu linakuwa haba kidogo.

Tinga la Kibaigwa

Na viwanda vimeshaliona hilo. Huku kwetu mtama mweupe unanunuliwa kwa ajili ya bia, wakulima wa Kongwa wanajua bei ya mtama wa kiwanda na ya mtama wa ugali. Uganda walianza zamani, Eagle ya mtama ilitoka 2002, na serikali yao ikaipunguzia ushuru kwa sababu imetumia nafaka ya mkulima wa ndani, bei ikashuka. Mahindi yanatuangusha kila mvua ikikata, mtama unasimama. Anayekunywa bia ya mtama ananilipia ada za watoto, aendelee.

Mwana wa Manyoni

Mmesahau wanzuki. Asali, maji, muda. Huku kwetu na Singida hiyo ndiyo heshima ya mgeni. Baridi ya kibuyu tu, haihitaji friza.

Kivuli cha Mbuyu

Wanzuki naiheshimu ila kwenye uzi wa bia nyepesi inaingia kwa mlango wa nyuma, mkuu. Inategemea mpishi na siku ilizokaa. Kuna inayokupa salamu na kuna inayokupiga mtama.

Mwana wa Hombolo

Na zabibu je? Jiji la zabibu halafu uzi mzima unazungumza shayiri ya kuagiza. Mvinyo mweupe mkavu wa hapa, uliopoa, kuna kinywaji cha jua zaidi ya hicho? Tunavuna mara mbili kwa mwaka, Ulaya nzima wanavuna mara moja.

Kivuli cha Mbuyu

Mvinyo mweupe mkavu naupenda, na waliozoea ule mtamu wa kuzimulia wajaribu huo mkavu siku moja. Ila una asilimia 12 hivi, karibu mara tatu ya blondi, huwezi kuunywa kwa kiu. Ukitaka kuupeleka mchana, kata nusu kwa soda ya maji na barafu. Wajerumani bia nayo wanaikata hivyo hivyo, nusu bia nusu soda ya limau, wanaita Radler, inashuka mpaka asilimia 2 na ushee. Ukifanya na laga yoyote ya hapa na soda ya limau inakubali, ndimu mbichi juu. Usimwambie Mzee wa Kizota.

Mzee wa Kizota

Nimesoma. Bia na soda. Mmekosa cha kufanya.

Mgeni wa Udom

Na chakula? Mleta mada aliuliza wenyewe hamkujibu.

Nyota ya Kondoa

Nijibu mimi. Kuku wa kienyeji wa Singida wa kuchoma, chumvi na ndimu tu, bila masala ya pakiti. Ile ngozi iliyokauka na blondi inaelewana kwa sababu bia ina utamu kidogo wa kimea na kuku ana moshi. Kaka yangu aliniletea blondi za viwanda vidogo kutoka Nairobi, tukala hivyo, laga haikufika hapo. Mishkaki yenye pilipili nyingi, bia yenye uchungu mdogo, maana hopsi nyingi zinachochea pilipili mpaka masikioni. Kitimoto kwa wanaokula, hiyo ya ngano ya Kibelgiji ingefaa, ile ndimu-ndimu yake na gesi vinaosha mafuta. Nyama choma ya mbuzi iliyokomaa nawaachia wenye Safari, hapo hata mimi siwabishii.

Mgogo wa Nala

Ugali wa uwele na mlenda je?

Bodaboda Mstaarabu

Mlenda na bia 😂😂😂 uzi umefika mwisho

Nyota ya Kondoa

Msicheke. Mlenda wenye karanga na bia ya gesi nyingi, ile gesi inakata ute. Ila iwe kavu, tamu itakuharibia.

Mgogo wa Nala

Bodaboda umeona? Kuna watu wamelelewa.

Afisa Mtumba

Nimechelewa kuuona uzi. Upatikanaji ndio kilio changu. Mimi Dar nilikuwa nazipata za Crafty Dee's, kile kiwanda kidogo cha bia, huku Dodoma nazunguka supamaketi naona laga tu, mara chache sana unakutana na chupa ya Ubelgiji imekaa rafuni juu kabisa imejaa vumbi, taa inaipiga usiku na mchana. Mnanishauri ninunue?

Kivuli cha Mbuyu

Igeuze uangalie tarehe. Blondi haizeeki vizuri, miezi michache baada ya kutoka kiwandani hopsi zimeshachoka, inaanza kunukia boksi la karatasi. Ikiwa ya kopo au chupa ya kahawia na tarehe inaruhusu, chukua moja, usichukue kreti. Bora zaidi umwombe mtu anayetoka Dar, na mwambie asiiache kwenye dashibodi.

Wakati unasubiri, fanya hivi: Kilimanjaro, itoke kwenye friji na si kwenye friza, glasi safi. Na glasi safi namaanisha imesuuzwa, maana glosari nyingi glasi zinatoka na sabuni ya unga na povu linakufa palepale. Ukiona mapovu makubwa yameng'ang'ania ukutani mwa glasi, irudishe. Mimina ukiwa umeilaza glasi, malizia ukiwa umeisimamisha, upate povu la vidole viwili. Na glasi ya maji pembeni, siyo pambo, unywe.

Afisa Mtumba

Nimepokea. Fundi, na mimi nikitaka kuanza kupika, sukari ya kwenye chupa unaweka kiasi gani? Nimesoma mahali watu chupa zinawapasukia.

Fundi Chachu

Gramu 6 kwa lita moja, kwa hiyo lita 20 ni gramu 120. Ichemshe na maji kidogo, iache ipoe, iingize kwenye ndoo yote, koroga taratibu, ndipo ujaze. Kuweka kijiko kijiko kwa kila chupa ndiko kunakopasua, moja inapata nyingi, nyingine haipati. Na kabla ya hapo hakikisha chachu imemaliza. Pima sukari iliyobaki kwenye bia leo, pima baada ya siku mbili au tatu, namba ikiwa ile ile ndipo ufunge. Ukiwa na haraka ya sherehe utaokota vigae. Tumia chupa nzito za kurudisha, za kahawia, zisiwe na ufa mdomoni, na kreti uifunike gunia mpaka wiki mbili ziishe. Baada ya hapo ndipo friji.

Bechi yangu ya Juni ina mtama. Anayetaka kuonja aje na barafu, barafu ndiyo sina.

Nyota ya Kondoa

Barafu naleta mimi, na kaka yangu mwenye presha.

Mzee wa Kizota

Huyo Fundi anakaa mtaa gani? Nauliza tu. Na moja asiiweke kwenye barafu.